Mgeni wa Mlangoni

Siku fundi alipolibandua kava la mlango wa gari langu, katika uchochoro mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, nilitaraji kuona chombo cha maana, kwa kuwa kwa muda wa miaka sita chombo hicho ndicho kilichonisomea taarifa ya habari kila asubuhi na kuniliwaza kila jioni katika foleni ya kurudi nyumbani. Walakini nilichokiona kilikuwa faneli ya karatasi nyeusi, nyepesi kama ganda la kitunguu, iliyogandishwa juu ya fremu ya plastiki, na nyuma yake sumaku isiyozidi upana wa biskuti. Ukingo wa sponji ulioishika ile karatasi ulikuwa umekwisha kuoza, na fundi alipougusa kwa ncha ya kidole ulimong'onyoka kama majivu. "Mzee," akaniambia bila ya kebehi, "hii ndiyo uliyokuwa ukiisikiliza." Sikuwa na la kumjibu.

Mtu asiyeshughulika na mambo haya hudhani kwamba spika imekaa mlangoni kwa sababu mlango ndio mahali pake, kama vile taa zilivyokaa mbele na buti nyuma. Sivyo. Mlango wa gari umeumbwa kwa ajili ya kuingilia na kutokea, na ndani ya tumbo lake mna kioo kinachopanda na kushuka, mashine ya kukipandishia, kitasa na fito zake, na maji ya mvua yaliyoachiwa njia ya kupita. Sauti haikuwamo katika hesabu ya aliyeuchora. Spika ilifika pale baada ya kufukuzwa kila mahali pengine, na tarikhi ya kufukuzwa huko, pamoja na habari za mafundi wanaopata riziki yao kwa kuing'oa spika ya kiwanda na kutia nyingine, ndiyo niliyokusudia kuieleza hapa kwa kadiri ya maarifa yangu.

Asili ya chombo chenyewe ni kongwe kuliko redio. Siemens, yule Mjerumani wa mitambo ya simu za waya, alipata hataza mwaka 1874 ya koili inayochezacheza ndani ya nguvu ya sumaku, ingawa wakati huo hapakuwa na umeme wa sauti wa kuilisha. Na mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric huko Marekani, wakatangaza spika ambayo kwa umbo lake ndiyo hii hii tuliyo nayo leo: koili ndogo iliyogandishwa kwenye kitako cha faneli ya karatasi, ikining'inia ndani ya ufa mwembamba wa sumaku, hata umeme unaobeba sauti upitapo katika koili, koili huvutwa na kusukumwa, na karatasi nayo huvuta na kusukuma hewa. Karne nzima imepita, na lau Rice angefufuliwa leo akapelekwa Gerezani, angeitambua spika ya mlango wangu kabla hajavaa miwani.

Redio ilipoanza kutiwa katika magari, ilitiwa kwa taabu kubwa. Paul Galvin wa Chicago, ambaye kiwanda chake kidogo kilikuwa kikitapatapa baada ya anguko la masoko ya fedha la 1929, aliwataka mafundi wake watengeneze redio ya gari, na mwaka 1930 akaendesha gari hadi Atlantic City, palipokuwa na mkutano wa watengenezaji wa redio. Na kwa kuwa hakuwa na kibanda cha maonyesho ndani, alilisimamisha gari nje na kuifungulia redio sauti ya juu kusudi wapitao wageuze shingo. Redio hiyo aliipa jina la Motorola, na bei yake ilikuwa kati ya dola 110 na 130, wakati ambapo gari jipya la Ford liliweza kupatikana kwa chini ya dola 600. Wala haikuwa kitu cha kuchomeka tu: betri za ziada zilizikwa sakafuni, waya wa kunasia mawimbi ulitandazwa ndani ya dari, na spika, iliyokuwa moja tu, ilifungwa katika sanduku lake chini ya dashibodi, karibu na miguu ya abiria. Ulaya mambo yalikuwa vile vile. Redio ya gari iliyotolewa Berlin mwaka 1932 na kampuni ya Ideal, ambayo baadaye ilijiita Blaupunkt, ilikuwa na uzito wa kilo 15 na bei ya mark 465, yaani kama theluthi ya bei ya gari zima.

Spika za siku hizo zilikuwa na ulafi pia. Sumaku za kudumu zenye nguvu zilikuwa bado adimu, kwa hiyo nyuma ya faneli ilifungwa koili kubwa ya pili, iliyofanywa kuwa sumaku kwa umeme wa betri ya gari yenyewe, na dereva aliyekaa kusikiliza hali injini imezimwa aliweza kumaliza burudani yake kwa kulisukuma gari. Ilipopatikana aloi ya alniko, yenye kushika usumaku bila ya kulishwa chochote, spika ikapungua uzito na njaa, ikapanda kutoka miguuni hadi ndani ya dashibodi, ikakikabili kioo cha mbele au uso wa dereva. Waliozipanda zile Volkswagen zenye mgongo wa kobe wanaukumbuka wavu uliokuwa kando ya saa ya mwendo, ambamo sauti ilitokea kama kutoka katika dirisha la msikiti. Huo ndio wakati ambapo Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951, na wenzake wa Unguja na Nairobi walikuwa wakijifunza kusema na watu wengi kwa pamoja. Msemaji alikuwa mmoja, spika moja, na hakuna aliyehisi kwamba amepunjwa.

Fitina ilianza na stereo. Marekani iliruhusu matangazo ya FM ya namna hiyo mwaka 1961, na mwaka 1963 Philips ya Uholanzi ikaonyesha Berlin kanda ndogo ya kaseti iliyobuniwa na Lou Ottens na wenzake, ambayo kabla ya miaka mingi kupita ilikuwa imeingia katika magari na kufika hata kwetu, zikapatikana barazani Mombasa kaseti za taarabu zilizorekodiwa na kuuzwa na maduka kama Mbwana Radio Service. Stereo hudai spika mbili, moja kuumeni na moja kushotoni, na ile nafasi ya katikati ya dashibodi ikawa haina kazi tena. Isitoshe dashibodi yenyewe ilikuwa ikijaa: mito ya kuzuia watu wasipasuke vichwa katika ajali, matundu ya hewa, na baadaye mabomba ya ubaridi. Spika ikaambiwa iondoke. Katika magari makubwa ilikimbilia nyuma, juu ya rafu iliyo chini ya kioo, ikajinyoosha ikawa yai la inchi sita kwa tisa, ambalo mafundi wetu hulitamka "sikisi bai naini" kana kwamba ni neno moja la Kiswahili. Lakini gari dogo lenye mlango wa nyuma unaoinuka halina rafu ya namna hiyo. Lina ubao mwembamba unaoinuliwa kila mtu apakiapo mkungu wa ndizi. Ikabaki milango.

Na milango nayo ilikuwa imekwisha kupangishwa. Mini ya Alec Issigonis, iliyotoka mwaka 1959, ilikuwa na vioo vya kusukuma kwa pembeni, hata mlango wake ukawa na uwazi mkubwa ambamo mtu aliweza kutia sahani na ndizi za watoto; lakini miaka kumi baadaye vioo vya kuzungusha vilipoingia, uwazi ule ukaenda zake. Tangu hapo spika ya mlango wa gari dogo imeishi katika nafasi ya unene wa kiganja, baina ya kava na kioo kinachoshuka, na sharti lake la kwanza ni kwamba isiwe na kina.

Hapo ndipo habari hii, kwa ajili ya sumaku, inapoingia katika nchi ya Waswahili wa bara, tena kwa mlango wa msiba. Alniko ni mchanganyiko wa chuma pamoja na aluminiamu, nikeli na kobalti, na kobalti ya dunia kwa sehemu kubwa ilitoka, kama itokavyo hata sasa, katika migodi ya shaba ya Kongo, ambayo siku hizo iliitwa Zaire. Na jimbo lenyewe la migodi hiyo, Katanga, serikali ya Mobutu ilikuwa imelibadilisha jina mwaka 1971 na kuliita Shaba, neno ambalo mtu wa Tanga au wa Lamu hahitaji kufasiriwa. Mnamo Mei 1978 wapiganaji waliotokea Angola waliingia Kolwezi, mji wa migodi. Watu wengi wakauawa, wenyeji na wageni. Askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka kutoka angani na Wabelgiji wakafuata, na wahandisi wa kigeni wakahamishwa. Bei ya kobalti, ambayo hapo kabla ilikuwa imeanza kupanda, ikaruka hata kufikia mara kadhaa ya bei ya mwanzo wa mwaka. Watengenezaji wa spika waliokuwa wakiishikilia alniko kwa fahari, kule Marekani, Ulaya na Japani, walijikuta wanategemea udongo ambao watu wake, wanaouziana na kuapizana kwa Kiswahili katika masoko ya Kolwezi na Lubumbashi, hawajapata kuwasikia wala kuwafikiria.

Wakaigeukia feriti. Hii ni sumaku nyeusi iliyobuniwa katika maabara za Philips mwanzoni mwa miaka ya 1950, nayo hufanywa kwa unga wa kutu ya chuma uliochanganywa na bariamu au strontiamu, ukashindiliwa na kuokwa katika tanuri mithili ya chungu. Ni rahisi kama chungu, na ikianguka huvunjika kama chungu. Spika za bei ndogo, zikiwamo za magari, zilikuwa zimekwisha kuizoea. Baada ya Kolwezi hata wakubwa waliokuwa wakiidharau walinyenyekea. Nguvu yake ni haba kuliko ya alniko, lakini ina tabia moja iliyoifaa milango: alniko hupenda kufanywa ndefu kama mchi, na feriti hutaka kuwa pana na bapa kama chapati. Sitadai kwamba vita vya Shaba ndivyo vilivyoiingiza spika mlangoni, maana huko kungekuwa ni kutia chumvi katika chai. Nasema tu kwamba chapati ile nyeusi iliyo nyuma ya kila spika ya gari dogo ina nasaba inayopita Kolwezi, na fundi anayeigonga kwa bisibisi ili aone kama ingali inavuta hana habari nayo.

Huku kwetu biashara ya kubadilisha spika ilikuwa ndogo kwa muda mrefu, kwa sababu magari yenyewe yalikuwa machache. Tanzania ilipowaruhusu, mwaka 1984, watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila ya kuulizwa sana zilikotoka fedha hizo, mlango ulifunguka ambao haujafungwa tena, na baada ya miaka kadhaa magari yaliyotumika ya Japani yakawa ndiyo magari ya kila mtu, kwa kuwa Wajapani nao hukaa kulia na kupita kushoto. Kenya iliweka sharti kwamba gari lisiwe limepita umri wa miaka minane. Sharti hilo halikutaja sponji ya spika, ambayo katika joto na unyevu wa pwani huishi kwa sala tu.

Lakini kilichowatia mafundi redio katika neema hasa ni jambo ambalo mtu hangelitazamia. Japani iliyapa matangazo ya FM nafasi kati ya megahezi 76 na 90, kwa sababu nafasi ya juu yake ilikuwa imeshikwa na televisheni. Nasi, pamoja na sehemu kubwa ya dunia, tuko kati ya 87.5 na 108. Redio ya gari la Japani iliyoteremshwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam iliweza kunasa kijisehemu tu cha stesheni zetu, na ilipoanzishwa Capital FM mjini Nairobi mwaka 1996, katika 98.4, wenye magari hayo walikuwa mithili ya watu waliosimama nje ya ukumbi wa harusi. Dawa ilikuwa kijisanduku kidogo kinachochomekwa baina ya waya wa eriali na redio, ambacho huyashusha mawimbi hadi yaingie katika kipimo cha Kijapani. Kile cha kupunguza 14, kwa mfano, huifanya 98.4 isomeke 84.4, na mwenye gari hujifunza kutoa hesabu kichwani kama mfanyabiashara ya fedha za kigeni. Wengine waliona heri kuing'oa redio yote. Ama kwa vyovyote vile dashibodi ilifunguliwa, fundi alikuwa ndani, na fundi aliye ndani haoni haya kumuuliza mteja: na hizi spika je?

Hapa pana hila inayofaa kufichuliwa. Betri ya gari ni ya volti 12, na injini inapozunguka hufika kama 14. Kwa volti hizo chache spika ya nyumbani yenye ukinzani wa omu 8 ingesema kwa kunong'ona, ndiyo maana spika za magari hufanywa za omu 4, zipate kunywa umeme maradufu. Hata hivyo redio isiyokuwa na amplifaya ya pembeni haiwezi kuipa kila spika zaidi ya wati kama 20 za haki, uzungushe ufunguo hata uvunjike. Ile nambari ya wati 300 au 500 iliyoandikwa juu ya boksi kwa wino wa dhahabu, basi, haimhusu mwenye gari dogo. Linalomhusu ni kama spika inatoa sauti ya kutosha kwa umeme kidogo, na jambo hilo huandikwa kwa herufi ndogo ubavuni, au haliandikwi kabisa. Mafundi wazuri wanalijua. Wauzaji wazuri pia wanalijua, ila wao hawakulazimika kulisema.

Sikusudii kuingia katika habari za matatu za Nairobi, zilizopewa ruhusa kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1973 na ambazo baadaye zilishindana kwa muziki hata viti vikatetemeka, kwa kuwa matatu si gari dogo, na muziki wake si wa abiria peke yao bali ni wa mtaa mzima.

Nirejee Gerezani. Fundi wangu huyu alikuwa wa pili. Wa kwanza, ambaye sitamtaja wala mtaa wake, alinitilia spika za mbele miaka kadhaa kabla katika gari nililokuwa nalo kabla ya hili, kwa haraka ya mtu anayewahi futari, na katika haraka hiyo aliichana nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava na kuitupa kama karatasi ya kufungia maandazi. Sikujua ni ya nini mpaka masika yalipofika. Kumbe maji ya mvua huingia ndani ya mlango kwa idhini: hupita kando ya kioo, hutelemka ndani ya bati, hutoka kwa matundu yaliyo chini, na ile nailoni ndiyo mpaka baina ya upande wa maji na upande wa watu. Mpaka ulipoondolewa, bahari iliingia barazani. Nikaamka asubuhi moja nikakuta zulia limelowa, na ukoga ukakaa nami mwaka mzima. Spika yenyewe, kwa kuwa imekaa juu ya mpaka huo, mgongo wake majini na uso wake kwa watu, ilivimba ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua.

Huyu wa pili aliifunua nailoni polepole, akiikata ile gundi nyeusi kwa uzi wa kuvulia samaki, akaining'iniza juu ya kioo kama mtu anayeanika kanzu. Spika ya kiwanda haikuwa na skrubu bali riveti. Akazipekecha kwa drili, akatoa unga wa chuma kwa sumaku ya ile ile spika mbovu. Kisha akatwaa betri ya tochi na kuigusisha nyaya za spika mpya: faneli ikaruka mbele, akatia alama, akageuza, ikaruka nyuma. Nilimuuliza ina faida gani. Akaniambia kwamba spika mbili zisiposukuma hewa pamoja, moja ikaenda mbele na nyingine ikarudi nyuma, besi hufa kati yao na mteja hurudi kulalamika kwamba ameuziwa bandia.

Aliyoyafanya baada ya hapo ndiyo yaliyonithibitishia kwamba kazi hii ina elimu yake. Alikata pete kutoka katika mpira wa tyubu ya baiskeli, akaiweka baina ya spika na bati, na matundu makubwa ya mlango akayaziba kwa vipande vya mkeka wa lami. Sauti itokayo nyuma ya faneli, ikipata upenyo wa kurudi mbele, huila ile ya mbele. Mpiga ngoma yeyote wa pwani anajua kwamba ngozi bila ya mzinga haina mlio, na viwanda vingi vya magari, tangu spika ilipohamia mlangoni, vimekuwa vikitundika ngozi bila ya mzinga, kwa sababu mtu anunuaye gari hugonga tairi, hufungua boneti, hukaa kitini, lakini ni nadra kukuta aliyevunja mapatano kwa ajili ya spika. Siwalaumu sana. Senti chache katika kila mlango, kwa magari laki kadhaa, ni mali. Na kama wasingefanya ubahili huo, uchochoro mzima wa Gerezani ungekosa chakula.

Kava liliporudishwa na klipu zake kugongwa moja moja kwa ngumi, aliwasha redio, akasikiliza kidogo huku ameinamisha kichwa, akapunguza besi ambayo mimi nilitaka aiongeze, akazima. Nikamlipa tuliyopatana.

"Mzee, hizi za zamani unakwenda nazo?"

Nikamwambia hazinifai. Akaniambia yuko kinyozi wa Buguruni anayetaka mbili za kutia katika boksi la mbao, na kabla sijafunga mlango alikuwa amekwisha kuvuta mwavuli uliovunjika kutoka chini ya benchi, ameutandaza juu ya goti, na anakipima kitambaa chake kwa mdomo wa bakuli, apate kukata ukingo mpya.